Safari ya Kufuata Vitendawili Uyole

Tangu nirudi sijachota maji kwa amani. Nikifika tu kisimani, ndoo zinawekwa chini na swali ni lile lile: "Mama Tumpe, ni kweli ulimfukuza baba mkwe wako sokoni?" Aliyewaambia namjua, nalala naye kitanda kimoja. Basi kwa kuwa ninyi wenzangu wa darasa la kisomo sasa mnasoma wenyewe, na mwalimu wenu ni mimi, nimeona niyaandike yote mara moja, nanyi mkae chini myasome. Msiruke mistari. Sikumfukuza mzee wa watu. Alikimbia mwenyewe.

Chanzo ni Tumpe. Mnamjua binti yangu. Ana miaka minane, miguu ilipooza alipougua akiwa mdogo, na maisha yake ni pale barazani juu ya mkeka. Zamani watoto walikuwa wakipita mbio, wanamwita "Tumpe, njoo!" halafu wanakumbuka, wanaendelea na safari yao. Baba yake, mganga wetu wa zahanati, siku moja alirudi kutoka kwao Uyole na mashine ya kaseti, na katika kaseti alikuwa amemrekodi babu yake Tumpe akitega vitendawili. Mzee alitega kwa mpango. Anasema "Kitendawili!" na kunyamaza ili mtoto apate kujibu "Tega!" Anatega, ananyamaza tena, anakohoa kidogo. Kisha anasema, "Umeshindwa? Nipe mji." Hapo kila mtoto anapiga kelele na mji wake, huyu Iringa, huyu Dodoma, huyu Dar es Salaam, naye mzee anasema, "Ahaa, mji mzuri, nimekaa," ndipo anatoa jibu.

Mliona wenyewe baraza ilivyojaa. Redio katika bonde letu haishiki, inakoroma tu, kwa hiyo kaseti ile ndiyo ilikuwa redio yetu. Watoto wa kijiji kizima walikaa kimya wakimsubiri mzee akohoe, na katikati yao alikaa Tumpe, mwenye mamlaka ya kubonyeza.

Vitendawili vyenyewe vilikuwa kumi na saba, na mtoto hushika haraka anachokipenda. Baada ya Krismasi walikuwa wanajibu kabla mzee hajamaliza kutega. Miji haikutolewa tena. Mmoja mmoja wakarudi kwenye kuteleza matopeni. Siku moja nikamkuta Tumpe peke yake na mashine. Babu anatega, yeye anajibu. Babu anaomba mji, yeye anampa. Akanitazama akauliza, "Mama, babu ameishiwa?"

Hasira zangu ziko karibu, mnanijua, lakini siku ile sikuwa na wa kumkasirikia. Niliingia jikoni nikalia, nikasingizia moshi. Ningeweza kumtegea vya kwetu, ila vya Kihehe watoto hao wanavijua tangu tumboni, na isitoshe walichokuwa wakikifuata ni yule babu wa ndani ya mashine. Baba Tumpe hakuweza kuiacha zahanati wakati wa mvua, homa zimejaa. Nikasema nitakwenda mimi.

Hapo kuna jambo ambalo wengine hamlijui. Kwa Wanyakyusa, mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, hataji jina lake; wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Hiyo si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Tulipooana Iringa mzee hakuja. Nilipopelekwa Uyole mara moja nikiwa bibi harusi, nilikaa jikoni siku nne nikaondoka sijamwona hata kisigino. Sauti yake ndiyo niliyoijua, ile ya kaseti. Nikamwuliza mume wangu safari hii itakuwaje. Akasema, "Baba siku hizi ni mzee wa kanisa. Mambo hayo ameshaacha." Wanawake wenzangu, mume akikupa habari za kwao, mwulize mara mbili.

Kilolo mpaka Ipogolo, kwa lori la mbao

Mashine niliifunga kwa kanga mbili na nailoni juu yake, nikaibeba mgongoni kwa mbeleko, kwa sababu mvua siku hiyo haikuwa na adabu. Lori la mbao lilipofika, dereva akachungulia akaona mwanamke ana mtoto mgongoni. Akamwambia utingo wake, mtu mzima mwenye ndevu, "Shuka, kaa juu ya mbao. Mama mwenye mtoto akae mbele."

Ningesema kweli, mimi ndiye ningekaa juu ya mbao na mashine ingelowa. Nikanyamaza. Nikaingia, nikapakata, nikafunika vizuri, nikampigapiga na mgongo.

"Amelala?" dereva akauliza.

"Amelala."

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume," nikasema, maana nilikuwa namfikiria mzee.

Tulikwama mara mbili tukasukumwa na watu waliokuwa wanakwenda kupalilia. Baadaye tukaangukia shimo lililonirusha mpaka kichwa kikagonga paa la lori, na mkono wangu ukakandamiza kitu. Kutoka ndani ya kanga ikatoka sauti nzito ya mzee: "Kitendawili!"

"Tega!" akajibu dereva kabla hajafikiri, maana ndivyo tulivyolelewa sote. Halafu akakanyaga breki. Lori likasimama katikati ya matope, utingo juu ya mbao akaanza kuuliza kuna nini.

"Mama," dereva akasema taratibu bila kunitazama, "huyu mtoto wako ana umri gani?"

Nikafunua kanga. Nilijua sasa ni zamu yangu ya mbao, lakini yule bwana alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Nikamweleza habari za Tumpe, na baraza iliyokuwa imejaa na sasa ni tupu. Akaacha kucheka. Akaondoa lori, kisha akasema, "Mimi napita Ipogolo kila Alhamisi. Ukirudi, nisubiri pale pale penye daraja. Hivyo vipya na mimi nataka kuvisikia." Utingo akabaki juu ya mbao mpaka mwisho wa safari, na kwa hilo naomba radhi mpaka leo.

Ipogolo mpaka Igawa, na mkanda wa feni

Nililala kwa shangazi, asubuhi nikapanda basi la Mbeya. Mafinga kulikuwa na baridi, abiria wote wamejikunyata. Makambako tukanunua viazi vya kuchemsha madirishani, vya moto mpaka vinaunguza vidole. Kutoka hapo barabara inateremka kwenda tambarare za Usangu, joto linaingia, na watu wakaanza kuvua makoti. Tulikuwa bado hatujafika Igawa mkanda wa feni ukakatika.

"Dakika kumi tu," kondakta akatangaza. Kisha akasimamisha lori lililokuwa linakwenda Chimala kutafuta mkanda mwingine, akapanda, akatoweka. Dereva akalala chini ya basi. Nikajua dakika hizo zina watoto na wajukuu.

Mbali kidogo na barabara kulikuwa na boma la Wasukuma, wale waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mama wa pale, aliyeitwa Mama Nkwimba, alituona tumejipanga kwenye kivuli cha basi, kivuli chenyewe chembamba. Akatuma tuitwe. Mimi nikamsalimia "Kamwene," yeye akanisalimia "Mwadila, mayu," hakuna aliyemwelewa mwenzake, tukashikana mikono hivyo hivyo. Akatupa maziwa ya mgando katika vibuyu na ugali wa mtama. Maziwa yale yalikuwa mazito hata ukiinua kibuyu unasubiri.

"Hicho ulichokipakata nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshaapa sitaiwasha njiani. Lakini mtu amekulisha, utamnyima nini? Nikafungua, nikabonyeza, na babu wa Uyole akasema kitendawili chake katikati ya ng'ombe wa Usangu. Abiria wote wakasogea. Mwalimu mmoja mstaafu akawa anatoa miji ya nchi za nje. Mama mwenye kapu la vitunguu akashindwa vitano mfululizo akagoma kutoa mji, akasema atakosa pa kukaa. Mama Nkwimba alicheka kwa mabega. Tulipomaliza kumi na saba wakasema rudia, na mimi kwa kujiona nikarudia.

Katikati ya mara ya pili sauti ya mzee ikaanza kuwa nzito. Ikavutika kama mlevi anayetafuta mlango. Ikanyamaza.

Mawe ya redio, zile betri zake, yalikuwa yamechoka. Mwaka huo mnakumbuka mawe yalivyoadimika, maduka ya Iringa nzima yalikuwa na kiberiti na chumvi tu. Yale manne ndiyo yaliyokuwepo, na nilikuwa nimeyamaliza kwa kujionyesha kwa watu nisiowajua, kabla hata sijamfikia mzee. Nikakaa chini nikajishika kichwa. Nilijitukana kwa Kihehe, na sauti ilikuwa ya juu.

Mama Nkwimba akaketi karibu nami. Hakuniambia nisilie. Aliuliza mashine ni ya nani, nikamwambia habari za Tumpe. "Mawe yakichoka yanaanikwa," akasema. "Juani, siku nzima. Hayaponi kabisa, lakini yanaamka kidogo. Hapa jua linazama sasa. Kayaanike huko uendako." Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya samli. "Hii mpake mtoto miguuni, jioni, ukimkanda. Haitamtembeza. Lakini mtoto akikandwa na mama yake analala vizuri." Akatazama kaskazini walikotoka. "Mama yangu nilimwacha kule. Kama ningekuwa na mashine kama hii ningekuwa nimemweka humo."

Nilimshika mkono tu mpaka kondakta akarudi na mkanda.

Igawa mpaka Uyole, na kikapu cha mzee

Gari lilikesha Chimala, na sisi ndani yake. Asubuhi ya pili, tulipopanda kuelekea Uyole, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye lami. Niliangalia juu kutafuta jua kama mtu anayemtafuta mwenye funguo. Hakuna.

Uyole pamekua. Malori yamejipanga pande zote, magunia ya viazi yamejaa sokoni, harufu ya dizeli na kabichi. Miaka tisa ilikuwa imepita na njia ya kwenda nyumbani nilikuwa nimeisahau. Pembeni ya wauza viazi nikamwona mzee mmoja mwenye koti jeusi, nadhifu, ameshika kikapu chenye samaki wakavu na sabuni. Nikasema huyu ana sura ya upole, huyu atanielekeza. Mimi nimelelewa vizuri. Nikapiga magoti palepale kwenye matope.

"Shikamoo, baba. Mimi ni mgeni, natoka Iringa. Namtafuta Mzee Mwakasitu. Mimi ni mkamwana wake."

Yule mzee akanitazama kwa kitambo kidogo sana. Halafu akavuta koti lake akajifunika kichwa, akatupa kikapu, akavuka barabara mbele ya lori la Zambia na kuingia kwenye mahindi. Mahindi yakatikisika, yakatulia. Dereva wa lori alipiga honi mpaka kuku wa soko zima wakatawanyika.

Nikabaki nimepiga magoti. Wauza viazi wananitazama. Mmoja akasema "Ndaga," kwa sauti ya pole, lakini hakueleza pole ya nini. Nikasimama na hasira. Watu wa Uyole hawana adabu, nikasema, mtu unamwamkia anakimbia kama ameona chui. Kikapu nikakiokota, kwa sababu samaki ni samaki, nikanuia nikifika nitawauliza wenyeji ni kikapu cha nani. Nilikibeba soko zima na kupanda nacho kilima, nikiwaambia niliokutana nao kwamba kuna mzee amechanganyikiwa kidogo ameingia mahindini, watu wake wamtafute.

Wifi yangu Sekela, anayekaa na mzee tangu mama yao afariki, alinipokea kwa vifijo. Kisha akaona kikapu.

"Wifi, kikapu cha baba umekitoa wapi?"

Nikamweleza. Mwanzoni nilieleza kwa hasira. Kadiri nilivyoendelea ndivyo hasira ilivyonitoka, kwa sababu Sekela alikuwa anateremka polepole mpaka akakaa chini, na mkono mdomoni.

"Na jina ulilitaja?"

"Nililitaja."

"Mbele za watu?"

"Mbele ya soko zima la viazi."

Akacheka mpaka akalala kwenye majani. Mimi sikucheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee aliniheshimu miaka tisa bila kunitazama, nami nimekwenda kumpigia magoti usoni na kumtangaza kichaa njia nzima.

Uyole, siku mbili bila jua

Mzee alirudi kwa njia ya nyuma, akaingia nyumbani kwake. Mimi nilikuwa jikoni, nyumba ndogo ng'ambo ya ua, nimejifungia. Tangu hapo Sekela akawa posta yetu. Habari ya kwanza aliyoniletea ilikuwa hii: "Baba anauliza samaki walifika salama?"

"Mwambie walifika. Mwambie naomba radhi."

Akaenda, akarudi. "Anasema asiyejua hana kosa. Na anasema mume wako ndiye anayestahili fimbo."

Hapo nikampenda yule mzee, niwaambie kweli. Nikapika. Nilisonga ugali kama tunavyousonga huku, mgumu wa kushikika, na maharage yaliyopikwa na ndizi ambayo Sekela alinifundisha, na mzee alipelekewa akarudisha sahani tupu. Kila siku ilikuwa hivyo. Lakini jua halikutoka. Siku ya kwanza ukungu, siku ya pili manyunyu. Mawe yangu manne yalikaa kwenye ungo mlangoni, nami nikiyageuza kama mtu anayeanika dagaa. Nilijaribu kuyasogeza karibu na moto, Sekela akanikataza, alishaona moja likipasuka.

Na kulikuwa na tatizo lingine. Mzee alituma kusema kwamba hataweza. Mwanawe alipomrekodi walikuwa wamekaa wawili, huyu anatega, yule anaitikia kwa macho na kichwa. "Anasema yeye hawezi kukitegea kidude," Sekela akanieleza. "Kitendawili bila mtu wa kuitikia ni sawa na kusali peke yako kwa sauti sokoni."

"Wewe itikia."

"Mimi nitashika mashine. Na mimi ananijua tangu nazaliwa, akinitazama vinamtoka vya kunisema."

Nilikaa na hilo usiku na mchana. Nimekuja safari yote hiyo, mzee yuko hatua ishirini kutoka nilipo, vitendawili anavyo, na mtu wa kuitikia ni mimi, ambaye siruhusiwi. Nilimwona Tumpe akilini, kwenye mkeka wake. Ningerudi niseme nini, kwamba babu ameishiwa?

Siku ya tatu asubuhi jua likatoka, kali, kana kwamba halijawahi kukosekana. Nikaanika mawe juu ya bati. Mchana nilikuwa nakoroga sufuria, nikagonga mwiko ukingoni, ko, kama mtu anavyokung'uta. Ng'ambo ya ua mzee akakohoa.

Nikagonga tena, ko. Akakohoa tena.

"Sekela!" nikaita. "Kamwulize baba. Nikigonga sufuria badala ya kusema 'Tega,' mila imevunjika?"

Sekela alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa anatabasamu. "Amefikiri sana. Anasema mila inakataza mkamwana. Haikutaja sufuria."

Tukapanga hivi. Upande wa pili wa kaseti, wenye nyimbo za kwaya ya mume wangu, ndio utakaofutwa, na sikuuonea huruma. Vile vibonyezo viwili vinavyobonyezwa pamoja ili irekodi nikavipaka majivu, Sekela asikosee. Yeye atakaa mlangoni kwa mzee na mashine. Mzee akisema "Kitendawili" atainua mkono, nami kutoka jikoni nitagonga. Jioni nikayarudisha mawe ndani ya mashine, tukaanza. Maneno yenyewe sikuweza kuyasikia, kulikuwa na kuku na malori ya barabarani. Nilikuwa naona mkono tu. Mkono unainuka, nagonga ko. Unashuka, nasubiri. Unainuka, ko.

Nilihesabu ishirini na mbili. Mara ya mwisho mkono wa Sekela ulichelewa kidogo, kama mtu aliyeshangaa, kisha ukainuka. Nikagonga. Baada ya hapo alitazama ndani, halafu akazima.

Tulijaribu kuisikiliza? Hapana. Mawe yalikuwa na uhai wa kubahatisha na sikutaka kuutumia Uyole. Nilimwuliza Sekela kama imeingia, akasema, "Kidude kilikuwa kinazunguka." Nikamwuliza mzee alisema nini mwishoni. "Kasikilize kwako," akasema, akageuka kufunga kuku.

Siku ya kuondoka mzee hakutoka. Nilipita nyuma ya nyumba yake nimeinamisha kichwa, kanga usoni, nikasikia anakohoa mara moja. Sikuwa na sufuria. Nikapiga makofi mawili taratibu na kwenda zangu.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kufupi. Kupita Igawa nilimwomba dereva apunguze mwendo, nikampungia Mama Nkwimba, sijui kama aliniona. Ipogolo nilifika Jumatano, nikamsubiri dereva wa mbao mpaka Alhamisi kama alivyoniambia, na safari hii utingo akakaa mbele nasi, watatu tumebanana. Dereva hakuniomba niwashe. Alisema, "Aanze mtoto." Akanishusha mlangoni kwangu, akazima injini, akakaa ukingo wa baraza na kofia magotini.

Barazani

Tumpe alikuwa peke yake. Aliponiona hakuniuliza habari za safari. Alitazama mashine.

"Anavyo?"

"Sijui, mama. Tusikilize."

Sauti ya lori ilikuwa imeshawaleta watoto. Wakasimama mbali, nusu wamegeuka, tayari kuondoka. Tumpe akabonyeza. Mashine ikavuma. Ikavuma tu. Jogoo wa Uyole akawika ndani yake, Sekela akanong'ona, "Nimebonyeza vyote viwili?" na mzee akasema, "Kitendawili!"

Ko.

"Nani anagonga?" Tumpe akauliza.

"Ni mimi. Ndiyo 'Tega' yangu."

Akaurudisha mkanda kidogo. "Kitendawili!" Ko. Na safari hii watoto wote wakapiga kelele, "Tega!" Walishasogea wakakaa, sijui saa ngapi.

"Tunatoka nyumbani pamoja asubuhi. Mchana ananifupikia, jioni ananirefukia, usiku ananikimbia." Kikohozi. Miji ikaanza kumwagika, Iringa, Tabora, Mwanza, na dereva wa mbao akatoa Lusaka. Kilikuwa ni kivuli. Kelele zao mlizisikia mpaka mashambani, mlinieleza wenyewe. Tumpe alikuwa katikati, kidole kwenye kibonyezo, anawanyamazisha kwa jicho.

Vikaisha ishirini na kimoja. Sauti ya mzee ilikuwa imeanza kuvutika, mawe yanaaga. Ndipo akasema kitendawili cha mwisho, ko, nasi tukainama kusikia.

"Nina binti. Uso wake nimeuona mara moja tu, na siku hiyo nikamkimbia. Ugali wake nimekula siku tatu, na siku zote tatu nimeshiba."

Kikohozi.

"Mwezi," mmoja akasema. "Jua." "Nyuki." "Mzimu," akasema mwingine, wakamzomea, mzimu hausongi ugali. Wakatoa miji yote waliyoijua.

"Hiki sitaki mji," mzee akasema, polepole, mbali. "Jibu lake liko hapo karibu na mashine."

Mashine ikanyamaza. Watoto wakainua mkeka kutazama chini yake. Dereva akavaa kofia yake, akaivua tena. Tumpe aliendelea kuitazama mashine, halafu akanitazama mimi, na aliponiona machozi sikusingizia moshi.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Babu alikukimbia?"

"Alinikimbia mbele ya lori la Zambia."

Akacheka, na watoto wote wakacheka, na mimi. Walikataa kuondoka. Mawe tuliyaanika hapo hapo barazani, yamezungukwa na vichwa kama vifaranga, na kesho yake mchana yakaamka kidogo. Tumpe akaurudisha mkanda mpaka pale penye cha mwisho, akabonyeza.

"Kitendawili," akasema mzee. Sufuria ikagonga, na watoto wakafungua midomo waitikie, lakini mimi niliwatangulia, kwa sauti yangu mwenyewe, ambayo huko Uyole sikuruhusiwa kuitoa.

"Tega, baba."